Kabla Hatujaiita Mbovu: Kuifufua Kompyuta Kongwe ya Mezani

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya watendaji, walimu na wawakilishi wa vikundi, Kata ya Msangeni



 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloonekana dogo: kompyuta za mezani zilizozeeka. Mnazifahamu. Ziko kwenye kona za ofisi zetu, zimefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa pamewekwa mafaili. Ukiuliza, unajibiwa kwa neno moja: mbovu. Nimekuja kuomba kwamba kabla hatujatamka neno hilo tuifungue kompyuta, tuiangalie. Na kabla hatujaifungua, tuokoe kwanza kilichomo ndani yake.

Umuhimu wake hapa mlimani ni mkubwa kuliko kule tambarare. Leo kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu huomba kwa mtandao. Anayetafuta kazi serikalini hupeleka maombi yake kwa mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Shule zetu za msingi hutunza taarifa za wanafunzi katika mfumo wa Baraza la Mitihani. Kompyuta ya shule au ya ofisi inapolala, mwalimu hushuka Mwanga mjini kwa kazi ya nusu saa, na kurudi kwake hutegemea gari na hali ya barabara. Katika majira ya mvua nusu saa hiyo huwa siku nzima, na darasa hubaki bila mwalimu.

Nchi yetu imewahi kujifunza somo la mashine kwa gharama. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye, jitihada za kuziingiza hesabu za Serikali katika kompyuta zilileta hasara na usumbufu, na mwaka 1974 Serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Mimi nasoma hivi historia hiyo: mashine hufaa pale tu penye watu wanaoielewa. Tukinunua mpya kila mwaka bila maarifa, tutazidisha idadi ya vitambaa kwenye kona.

Tena hapa Ugweno si mahali pa kufundishwa thamani ya chombo cha kale. Wanahistoria wa Upare wameandika kuwa milima hii ilisifika kwa ufuaji wa chuma, kwamba ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi hiyo, na kwamba chuma cha huku kilitafutwa hadi Uchaggani. Mfua chuma halitupi jembe lililolika, hulirudisha motoni. Lakini hulitazama kwanza, akajua lipi litakubali moto na lipi limekwisha. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Kosa langu mwenyewe

Nianze na kisa ambacho sikioni fahari. Nilipokuwa mwanafunzi wa stashahada ya mawasiliano ya umma nilipelekwa mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Palikuwa na kompyuta iliyochukua muda wa kuchemsha chai hadi kuwaka. Kwa hamu ya kuonekana ninafaa, nikajitolea kuipeleka kwa fundi. Nikamwambia, "Nataka iwe nyepesi." Ikarudi nyepesi kweli kweli. Fundi alikuwa ameifuta yote na kuipakia upya, kama nilivyomwomba bila kujua ninachoomba.

Wiki ya pili akaja mama mmoja mjane. Alitaka nakala ya muhtasari wa kikao kilichothibitisha mpaka wa shamba la marehemu mumewe. Muhtasari ule ulichapwa katika kompyuta ile, na nakala ya karatasi haikuonekana. Nilimwambia mfumo una tatizo, arudi baadaye. Haikuwa kweli, mwenye tatizo nilikuwa mimi. Ofisi ililazimika kuwaita upya wazee walioshuhudia kikao kile, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kufariki. Yule mama alipata haki yake mwishoni, lakini alipanda na kushuka ngazi zile mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari nalo linaweza kupotea bila habari.

Hatua ya kwanza: okoa kilichomo

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kufufua kompyuta haihitaji bisibisi. Kama bado inawaka, hata kwa kusuasua, nakili mafaili yote ya kazi katika diski ya nje au flashi, kisha nakili tena katika chombo cha pili kinachowekwa mahali pengine. Yafungue machache kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanasomeka. Nakala ambayo haijafunguliwa ni tumaini tu.

Kama haiwaki kabisa, msikate tamaa. Mara nyingi kinachokufa ni sehemu nyingine, na diski inayotunza mafaili iko salama. Fundi anaweza kuitoa na kuisoma katika kompyuta nyingine. Mwambieni hivyo kwa maandishi kabla hamjamkabidhi: "Usifute chochote mpaka tupate nakala."

Jambo hili lina upande wa sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tulinde taarifa za watu tunazozikusanya. Orodha ya kaya, namba za vitambulisho na taarifa za wagonjwa au wanafunzi hazipaswi kuzunguka mitaani ndani ya diski ya zamani. Diski ikitolewa, ama itunzwe na ofisi chini ya ufunguo, ama ifutwe kabisa na mtaalamu. Kompyuta ya umma ni mali iliyoandikwa katika daftari la mali. Hakuna kifaa kinachotolewa ndani yake bila kumbukumbu na idhini.

Hatua ya pili: sikiliza dalili

Mezani mbele yenu nimeweka kompyuta yangu mwenyewe. Niliinunua ikiwa imetumika, ikanihudumia miaka kadhaa, kisha nikaitupa stoo nikiamini imekufa. Nilipoifungua nilikuta magonjwa manne, nayo ndiyo yanayozisumbua nyingi za umri wake.

Ugonjwa wa kwanza ni vumbi. Kompyuta iliyokuwa ikizima yenyewe baada ya dakika kumi haikuwa na laana. Ilikuwa inajiokoa na joto. Feni ilikuwa imevaa koti la vumbi, hewa haipiti. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha, lile ambalo wengi tumezoea kuliita sipiyu, ili umeme tuli wa mwilini usiviunguze vifaa. Tumia brashi laini na kavu au kipulizio cha hewa. Shikilia feni isizunguke unapoipuliza. Kitambaa chenye maji kikae mbali. Kama joto bado linazidi, huenda ule ute uliopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea umekauka. Fundi ataufuta na kupaka mwingine.

Ugonjwa wa pili ni vipande vya kumbukumbu kulegea. Kompyuta inawaka, feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi na mashine inatoa milio. Ndani kuna kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, ambacho mafundi hukiita RAM. Kitoe kwa kuachia vibano vyake, safisha meno kwa kifutio cha penseli kwa upole, pangusa mabaki, kisha kirudishe mpaka vibano vijifunge. Kompyuta nyingi zilizoandikiwa kifo zimefufuka kwa kifutio cha mtoto wa darasa la pili.

Ugonjwa wa tatu ni betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, yenye namba CR2032 na nguvu ya volti 3. Kazi yake ni kuitunza saa ya kompyuta wakati umeme haupo. Ikifa, kila ukiwasha kompyuta inarudi miaka ya nyuma. Wengi huona ni kero ndogo. Lakini tovuti salama hukagua tarehe. Kompyuta inayodhani tuko mwaka 2010 itakataliwa kuingia katika mifumo mingi, na mhudumu atalaumu intaneti. Mwananchi anaweza kurudishwa nyumbani kwa sababu ya betri ambayo haizidi ukubwa wa kifungo cha koti.

Ugonjwa wa nne uko nje ya kompyuta: soketi iliyolegea, waya uliotafunwa na panya, umeme unaopanda na kushuka. Anzeni kuchunguza ukutani kabla ya kuchunguza kasha. Radi inapoanza kunguruma milimani, kuzima hakutoshi, chomoeni waya.

Lipo onyo moja hapa. Ndani ya kasha kuna sanduku dogo la chuma linalopokea umeme wa ukutani. Hilo msilifungue kamwe. Kapasita zake huweza kubaki na umeme wenye madhara hata baada ya kuchomolewa. Likiharibika, hubadilishwa zima. Vivyo hivyo zile skrini za kale zenye mgongo mkubwa: si za kufunguliwa nyumbani.

Hatua ya tatu: iongezee nguvu

Kompyuta iliyosafishwa inaweza kuwaka na bado ikawa nzito. Hapo maboresho mawili ndiyo yenye faida kubwa.

La kwanza ni diski. Kompyuta nyingi za zamani hutumia diski yenye sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na kijisindano kinachotafuta maandishi juu yake. Diski za kisasa ambazo mafundi huziita SSD hazina kitu kinachozunguka. Ukibadilisha hii tu, kompyuta ileile iliyowaka kwa dakika kadhaa huwaka kwa sekunde. Kama fedha yenu inatosha kifaa kimoja tu, nunueni hiki.

La pili ni kuongeza RAM. Fikirieni meza ya mwalimu: ikiwa ndogo, kila daftari jipya lazima lingoje jingine liondolewe. Lakini msinunue kwa kukisia. RAM zina vizazi, na cha DDR3 hakiingii katika nafasi ya DDR4. Hata pengo la kwenye meno haliko mahali pamoja. Njia nyepesi ni kukitoa kile cha zamani na kwenda nacho dukani. Ulizeni bei katika maduka zaidi ya moja, na dai risiti na dhamana kwa maandishi.

Hatua ya nne: programu endeshi

Kompyuta inaweza kuwa nzima kwa mwili ikawa hatarini kwa programu. Kampuni ya Microsoft iliacha kuipatia Windows 7 marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda maalumu. Windows 11 inadai RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazitimizi masharti yake.

Je, kompyuta hizo ni za kutupwa? Hapana. Zipo programu endeshi za bure na halali za jamii ya Linux. Mojawapo, Linux Mint, huweza kufanya kazi kwa RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazoleta raha. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa kilichomo katika diski. Ukiipenda, unaipakia, usipoipenda, unachomoa flashi. Huja pamoja na LibreOffice kwa ajili ya barua na hesabu. Tena programu za aina hii si ngeni kwa lugha yetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuipatia dunia Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Hata hivyo nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Kabla ya kubadilisha, orodhesheni kazi zenu zote: mifumo mnayoingia, printa mnayotumia, programu za hesabu. Mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari kwa kawaida haitawasumbua. Lakini ikiwa ipo programu inayohitaji Windows, mabadiliko ya haraka yatasimamisha huduma. Kwa kompyuta za umma, Afisa TEHAMA aulizwe kwanza. Na programu za wizi zinazouzwa kwa flashi mitaani zisiingie ofisini. Mara nyingi huja na virusi, na anayelipa gharama hiyo ni mwananchi.

Kujua pa kuishia

Nimesema mfua chuma huona jembe lililokwisha. Kompyuta nayo ina mwisho. Ikiwa ubao mkuu umeungua, au kapasita zake zimevimba kama mikate midogo na kutoa maji. Ikiwa prosesa ni ya kale kiasi cha kutokubali programu za sasa. Au ikiwa gharama ya vifaa inakaribia bei ya kompyuta nyingine iliyo bora, basi heshima ni kusema imetosha. Kama ni ya umma, ifuate utaratibu wa kuondosha mali za Serikali, isiuzwe kienyeji wala isigawanywe vipande.

Wala isitupwe korongoni. Vifaa hivi vina risasi na sumu nyingine ambazo hazipaswi kufika kwenye chemchemi zetu, na kuchoma waya ili kupata shaba huwapa watoto wetu moshi wa hatari. Taifa limeweka kanuni za taka za kielektroniki mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Wekeni mabaki mahali pakavu, yahesabiwe, yasubiri kukabidhiwa kwa wakusanyaji wenye kibali. Vifaa vizima vya ndani, kwa idhini, vinaweza kuisaidia kompyuta nyingine.

Ombi langu

Ndugu zangu, sisi Wapare tunao msaragambo. Mfereji ukiziba au barabara ikikatika, hatungoji mgeni aje kutuzibulia. Watu hutoka na majembe. Naomba moyo huohuo uingie katika vyumba vyetu vya kazi, kwa mambo matatu.

Kwanza, kila ofisi na kila shule itenge saa moja siku ya Ijumaa kwa ajili ya nakala rudufu, na jina la anayehusika liandikwe ukutani. Pili, kila kompyuta iwe na daftari lake dogo: lini ilisafishwa, nani aliifungua, kifaa gani kilibadilishwa, diski ya zamani iko wapi. Tatu, mwanzoni mwa kila muhula tuwe na siku ya kukusanya kompyuta zote zinazoitwa mbovu, zikaguliwe pamoja, vijana wetu wenye ujuzi wakiwa mafundi na wanafunzi wakiwa watazamaji. Humo ndimo watakamotoka mafundi wa kesho wa kata hii.

Kompyuta hii iliyo mezani, ambayo mwaka jana ilikuwa imefunikwa gunia stoo kwangu, sasa ina betri mpya, RAM iliyoongezwa na SSD. Nusu ya maneno haya nimeyaandika kwayo. Baada ya chai tutaifungua pamoja, kila mwenye kutaka ashike brashi.

Lakini mkisahau yote mengine, kumbukeni yule mama na muhtasari wake. Aliyemwangusha hakuwa kompyuta kongwe. Alikuwa kijana aliyekuwa na haraka ya kuifanya nyepesi.